Nimeteguka kiuno, wiki ya tatu sasa: niendelee kulala?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 43. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoa sanduku la vitabu kwenye buti ya gari, nikajipinda kidogo ili niligeuze, nikasikia "tak" kiunoni. Nikashindwa kunyooka. Hospitali walipiga picha, wakasema mifupa ni mizima, kilichoumia ni kano za kiuno, wakanipa dawa za maumivu na kuniambia nipumzike. Nimepumzika kweli, siku kumi nzima kitandani. Sasa maumivu yamepungua kama nusu na hayashuki mguuni, lakini asubuhi nakuwa kama ubao, soksi ananivalisha mume wangu, na nikikaa kitini nusu saa natamani kulia. Niendelee kulala? Nikandwe? Ninunue mkanda? Na hili jambo litaisha lini?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole sana. Swali lako la mwisho ndilo kila mgonjwa huniuliza kabla hajakaa vizuri, basi tuanze nalo. Kwa mtu aliyeteguka kiuno namna ulivyoeleza, maumivu makali kwa kawaida hupoa ndani ya wiki 6 tangu siku ya kuumia. Lakini kano zenyewe hazimalizi kupona kwa wiki 6. Kazi ya ndani huendelea kwa miezi, pengine hata mwaka. Maumivu yana saa yake na kidonda kina saa yake, na saa hizo mbili hazisomeki sawa. Wengi wanaonirudia mara ya pili na ya tatu walifuata moja wakaisahau nyingine: huyu alilala kwa kuwa bado kunauma, yule alihamisha kabati kwa kuwa hakuumi tena. Aliyehamisha kabati nilikuwa mimi, nitafika huko.

Kwanza jikague. Ukianza kuhisi ganzi zile sehemu zinazokaa kwenye tandiko la baiskeli, yaani kati ya mapaja, sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, au mkojo ukagoma kutoka, au haja ikakutoka bila kujijua, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, acha kusoma uende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Huenda mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa, na ikichelewa kufunguliwa madhara yake hubaki. Daktari akuone mapema pia ukipata homa pamoja na maumivu hayo, ukipungua uzito bila sababu, ikiwa kunauma usiku kwa mkao wowote ule, ikiwa uliwahi kuugua saratani, au ikiwa umetumia dawa za steroidi (zile za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni) kwa muda mrefu. Katika hayo hujataja hata moja, kwa hiyo naendelea.

Sasa tuone kilichotokea pale kwenye buti. Kiuno kina pingili 5, yaani mifupa ya uti wa mgongo iliyopangana. Vile vinundu unavyovipapasa katikati ya mgongo ni miiba ya pingili hizo, na kati ya mwiba na mwiba kuna kano, yaani mikanda migumu inayofunga mfupa kwa mfupa. Watu wengi huita kila kitu "mshipa", na wahudumu wengine watakwambia "ligamenti", lakini ni hizohizo. Nyingine zinatoka pingili za chini kabisa na kushika mfupa wa nyonga kila upande. Kazi yake ni kuzuia pingili zisipite mpaka wake.

Mtu akiinama hadi mwisho, misuli mikubwa ya mgongo hunyamaza. Imepimwa kwa vifaa vya umeme wa misuli na imeonekana wazi: unapoanza kuinama misuli inafanya kazi, unapofika chini kabisa inaachia, na mzigo unabaki juu ya kano na vitu vingine visivyojikunja vyenyewe. Buti ya gari inakulazimisha uiname hivyohivyo, mikono ikiwa mbali na mwili, halafu wewe ukaongeza kujipinda. Kano zikabeba kazi isiyo yake.

Ni ukano upi hasa? Sijui, na hata aliyekupapasa hospitali asingeweza kuapa. Eksirei haioneshi kano. Usikimbilie MRI pia, ile picha ya mashine ya sumaku, kwa sababu itakuonesha mambo mengi ambayo hayahusiani na "tak" yako. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa, ukakuta kwamba hata kwenye umri wa miaka 20 kama 37% walikuwa na diski (vile vibandiko laini vilivyo kati ya pingili) zinazoonesha kuchakaa, na kwenye miaka 80 ni 96%. Mtu akisomewa karatasi yenye neno "kuchakaa" anatembea kama yai wakati mgongo wake uko sawa na wa jirani yake asiyeumwa. Kwa hali yako tiba ni ileile, ukano uwe wa juu au wa chini.

Kano hupona polepole kwa sababu zina damu kidogo ukilinganisha na misuli. Siku chache za mwanzo ni za uvimbe na maumivu makali. Baada ya hapo mwili huanza kuziba palipochanika kwa nyuzi za kolajeni, yaani protini inayojenga kano, na nyuzi hizo mwanzoni hukaa hovyo, kama uzi uliomwagika kwenye kikapu cha ushonaji. Hazina mwelekeo, kwa hiyo hazina nguvu. Zinapangika kwa kuvutwa kidogokidogo, kila siku, kuelekea upande ambao ukano unatakiwa kufanya kazi. Usipozivuta, zinabaki fundo dhaifu. Ukizivuta kwa nguvu mapema, zinakatika upya. Wewe sasa uko katikati kabisa ya kipindi hicho, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Kwa hiyo kitanda, hapana. Siku mbili za mwanzo mtu kulala kwa sababu hawezi kusimama inaeleweka. Siku kumi ni nyingi, lakini usijilaumu, uliambiwa upumzike na hakuna aliyekueleza maana yake. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa wa mgongo, wengine wakaambiwa walale siku 2 na wengine siku 7. Siku ambazo wale wa siku 2 walikosa kazini zilikuwa pungufu kwa 45% kuliko za wale wa siku 7, na hali zao nyingine hazikutofautiana na za wenzao. Mwaka 1995, Helsinki nchini Finland, wafanyakazi wa jiji wenye maumivu mapya ya kiuno waligawanywa makundi matatu: wa kulala siku 2, wa mazoezi ya kunyumbua mgongo, na walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza. Kundi la tatu ndilo lililopona upesi. Zingatia kwamba hata mazoezi ya mapema hayakushinda shughuli za kawaida. Huwa namkumbusha hilo kila mgonjwa mwenye hamu ya kufanya mazoezi ishirini kwa siku.

Utajuaje umezidisha? Tumia asubuhi ya kesho yake kama mizani. Pima maumivu yako kutoka 0 hadi 10. Wakati wa kufanya jambo, yakipanda hadi 3 au 4 si hatari, ukano unaovutwa lazima useme. Ukiamka kesho yake pale ulipokuwa jana, kipimo kilikuwa sawa na unaweza kuongeza kidogo. Ukiamka juu zaidi, ulizidisha, punguza kama theluthi, lakini usirudi kitandani. Maumivu makali ya kuchoma, au yanayoanza kushuka chini ya goti, ni ishara ya kuacha na kuonwa.

Nije kwenye ule ubao wa asubuhi. Usiku ukiwa umelala, diski zilizo kati ya pingili hunywa maji na kuvimba. Ndiyo maana sisi sote tunaamka warefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko tulivyolala, na urefu huo unapungua tukishasimama. Diski iliyojaa inazikaza kano zinazoizunguka, na ukiinama dakika hiyo unazivuta zikiwa tayari zimekazwa. Utafiti mmoja wa 1998 uliwataka watu wenye maumivu sugu ya kiuno wafanye jambo moja tu, wasiiname kwa saa mbili za kwanza baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua. Hakuna dawa rahisi kuliko hiyo.

Kutoka kitandani fanya hivi. Ukiwa chali, kunja magoti yote mawili, nyayo zikiwa kwenye godoro. Geuka ubavu mzima kama gogo, mabega na nyonga pamoja, bega lisitangulie. Shusha miguu nje ya kitanda na wakati huohuo sukuma godoro kwa mkono wa juu na kiwiko cha chini. Uzito wa miguu ndio utakaokuinua, kiuno hakina kazi hapo. Kaa ukingoni, pumua mara tatu, kisha simama kwa mapaja. Ukifanya sawasawa hutasikia ule mchomo unaokufanya ushike ukuta.

Na soksi, acha kuzivaa ukiwa umekaa ukingoni na kujikunja kuelekea kidole gumba. Lala chali, kunja goti moja, weka kifundo cha mguu wa pili juu ya goti hilo, soksi itaingia bila mgongo kujua. Au zivae baada ya saa moja ukiwa umeshatembeatembea. Mume wako amefanya kazi ya wema, lakini sasa mstaafishe, maana kila kazi ndogo unayoirudisha mikononi mwako ni mvuto mmoja kwa zile nyuzi.

Kiti ndicho adui yako mkubwa kwa sasa, kuliko hata mizigo, kwa kuwa mzigo unauogopa na kiti hukiogopi. Ukano ukivutwa muda mrefu hurefuka taratibu, kama mpira wa kiunoni wa suruali ya zamani, na ukiachiwa haurudi papo hapo. Kukaa umejikunja dakika 20 kunatosha kuulegeza, na hata nusu saa baadaye huwa haujarudi wote. Kwa hiyo anayeshuka garini baada ya safari na kuinua begi palepale anainua na kano zilizolegea. Kwa wiki tatu zijazo inuka kila dakika 20, simama, tembea hatua chache, rudi. Viringisha taulo unene wa mkono wako, liweke kwenye ule mbonyeo wa kiuno juu kidogo ya mkanda wa suruali. Ukisimama baada ya kukaa muda mrefu, jipe dakika chache kabla hujainua chochote.

Sasa jifunze upya kuinama, na kwa hili chukua fimbo ya ufagio. Ishike nyuma ya mgongo wima, mkono mmoja shingoni na mwingine kiunoni, iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na ule mfupa ulio juu ya matako. Legeza magoti kidogo, halafu sukuma matako nyuma kama mtu anayefunga mlango wa gari kwa makalio huku mikono imejaa. Kifua kitashuka chenyewe. Fimbo ikiachana na kisogo, umetazama chini sana. Ikiachana na mfupa wa matako, umeanza kukunja kiuno. Utasikia nyuma ya mapaja panavuta, hapo ndipo panapotakiwa kuvuta. Rudia mara 10, mara mbili kwa siku, kuanzia mchana. Wagonjwa wangu hucheka siku ya kwanza. Baada ya wiki moja wengi wanakiri kwamba miaka yote hawakujua nyonga zao zinakunjika hivyo.

Mazoezi mengine niyaweke machache makusudi. La kwanza ni kutembea. Anza dakika 10, mara tatu kwa siku, mikono ikipungwa, mwendo wa mtu anayewahi jambo. Ongeza dakika mbili tatu kila baada ya siku mbili, mradi mizani ya asubuhi imekubali, hadi ufike dakika 30 mfululizo. Nchini Australia watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno walifuatiliwa, na matokeo yakatoka 2024. Waliopewa mpango wa kutembea na maelekezo walikaa siku 208 kwa kipimo cha kati (nusu yao chini ya hapo, nusu juu) kabla maumivu hayajarudi, na wasiopewa chochote siku 112. Hakuna kifaa nilichoona kikifanya hivyo.

La pili, piga magoti na viganja sakafuni, mgongo umetulia kama meza. Nyoosha mguu mmoja nyuma na mkono wa upande wa pili mbele, shikilia sekunde 8 hadi 10, rudisha, badili upande. Ungekuwa na kikombe cha chai juu ya kiuno, kisimwagike. Mguu usipande juu kuliko tako, watu wengi huurusha hadi kiuno kinabonyea. Anza mara 4 kila upande. La tatu, lala ubavu, magoti yamekunjwa, jiinue kwa kiwiko na goti, shikilia sekunde hizohizo. Kama linauma zaidi ya 4, liache hadi wiki ijayo.

Kwa nini misuli, wakati kilichoumia ni kano? Kwa sababu kuna misuli midogo iliyoshikamana na pingili moja moja ambayo baada ya maumivu ya kiuno husinyaa upande ulioumia, na haijai tena yenyewe eti kwa kuwa maumivu yameisha. Watafiti wa Australia walilionesha hilo 1996 kwa kupima unene wake kwa altrasaundi. Waliporudi kwa watu haohao baada ya mwaka, kati ya waliofanya mazoezi ya misuli hiyo 30% walikuwa wameumwa tena, na kati ya wasiofanya 84%. Kundi lilikuwa dogo, watu 39 tu, nisikuuzie kama uhakika wa hesabu. Ila linalingana na ninayoyaona kazini, na linalingana na kilichonipata. Wiki ya nne baada ya kuteguka, siumwi popote, nikaamua kuhamisha kabati la nguo, tena peke yangu, tena nimejipinda. Mwezi mwingine mzima nikawa mgonjwa, mimi ninayefundisha watu. Maumivu yalikuwa yameondoka kabla nguvu hazijarudi, na katika pengo hilo ndipo watu huteguka tena.

Kukandwa: ndiyo, kwa kiasi. Joto linasaidia misuli iliyokaza kulinda jeraha. Chupa ya maji ya moto ndani ya taulo, dakika 15 hadi 20, hasa kabla ya mazoezi, na usilale nayo, nimeona malengelenge ya mtu aliyepitiwa na usingizi. Barafu kwa wiki ya tatu haina kazi kubwa. Mkono wa mtu anayechua misuli ya pembeni ya mgongo unatuliza kwa muda, na muda huo ni mzuri wa kutembea. Nisichotaka ni mtu akukunje, akuvute au akubonyeze kwa nguvu "kurudisha mfupa mahali pake". Hakuna mfupa uliotoka, wewe mwenyewe umeambiwa ni mizima.

Mkanda unaweza kuuvaa kwa kazi moja maalumu, labda safari ya gari au saa moja ya kusimama, na unautoa ukimaliza. Haukazi kano. Unakukumbusha tu usijipinde, na hilo fimbo ya ufagio inakufundisha bure.

Dawa za maumivu zitumie kukuwezesha kutembea, zisiwe za kukuwezesha kulala mchana. Utafiti mkubwa wa Australia wa 2014 uliwapa watu wenye maumivu mapya ya kiuno parasetamoli, na wengine vidonge visivyo na dawa, na wote walipona kwa muda uleule, siku 16 au 17 kwa kipimo cha kati. Kama inakusaidia sikukatazi, ila usizidishe gramu 4 kwa siku na usitarajie iponye. Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi kwenye maumivu ya aina hii, lakini ukiwa na vidonda vya tumbo, figo zenye matatizo, presha, pumu, au ukiwa mjamzito, usizimeze kabla ya kuongea na daktari au mfamasia. Hata usipokuwa na hayo, zitumie siku chache, pamoja na chakula.

Kulala usiku, lala unavyopata usingizi. Ukilala ubavu weka mto kati ya magoti, ukilala chali uweke chini ya magoti. Godoro la kawaida linatosha, usilale sakafuni.

Kuinua vitu usianze kabla ya wiki ya sita, na uanze na kitu chepesi kilicho juu ya meza, kama kilo 3 hadi 5. Wiki ikipita salama, kitu kilekile kutoka usawa wa goti. Baadaye kutoka chini. Badili kimoja kwa wakati, ama uzito ama kimo, kamwe si vyote viwili siku moja. Kitu kiguse tumbo kabla hakijaondoka mezani, na ukitaka kugeuka, geuza nyayo kwanza. Vitabu vilivyobaki kwenye lile sanduku vitoe viwili viwili, au mwachie aliyestaafu kuvalisha soksi.

Mwishoni mwa wiki ya nne natarajia uwe unavaa soksi mwenyewe na unatembea dakika 20 bila kusimama. Ikifika wiki ya sita tangu siku ya sanduku na bado hali ni ya leo, usiniandikie tena. Nenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo anayeweza kukuona ukiinama na kukupapasa mgongo kwa mikono yake.